Stadi Iliyokatika Njia ya Bugiri

Katika madarasa yangu ya Kiswahili, neno "stadi" ni sifa: fundi stadi, mwandishi stadi, mtu aliyebobea katika kazi yake. Kwa mafundi wa magari ni jina la kitu, yaani ile bolti fupi inayochomoza kwenye habu (kitovu cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu), ambayo gurudumu huvishwa juu yake kisha nati ikakazwa. Nilifundisha maana ya kwanza kwa miaka mingi pale Tororo, mashariki mwa Uganda, bila kuifahamu ya pili, mpaka jioni moja ya Novemba 2022, mbele kidogo ya Iganga, nilipoikata moja kwa uzito wa mwili wangu mwenyewe.

Nilikuwa ninatoka Kampala na mpwa wangu wa miaka 19, katika Toyota Premio ambayo nilikuwa nimeinunua kwa mtu mwaka uliotangulia. Gurudumu la mbele la kushoto likapata pancha. Hilo peke yake si habari, kwa sababu barabara ile inabeba malori yote ya mpaka wa Malaba na hakuna msafiri wake asiyewahi kuokota msumari. Tukasogea pembeni, mpwa wangu akakata matawi akayatandaza nyuma na mbele ya gari kama ilivyo desturi ya huku, nami nikatoa spana ya magurudumu ili nilegeze nati gari likiwa bado chini. Nati tatu za kwanza zilitii. Ya nne ilitoka ikilia, kwa sauti kavu ya chuma kinachosaga chuma, na kila robo ya mzunguko ilidai nguvu mpya kana kwamba ndiyo kwanza inaanza kufunguka. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama na kuitazama nati ile kabla ya kuendelea. Sikuitazama. Niliitupa juu ya kitambaa pamoja na wenzake, nikaigeukia ya tano, ambayo haikutikisika hata kidogo.

Jua lilikuwa linazama. Katika buti nilikuwa na kipande cha bomba la maji chenye urefu wa karibu mita moja, ambacho mwenye gari wa kwanza aliniachia akinisifia kwamba hakuna nati isiyomtii. Nikalivisha bomba kwenye mkono wa spana, nikapanda juu yake kwa miguu miwili, nikachezesha mwili. Sauti iliyotoka haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya ukuni mkavu unaovunjwa gotini. Kisha bomba likakosa uzito chini yangu, nami nikajikuta nimepiga magoti kwenye changarawe.

"Mjomba, imefunguka," mpwa wangu akasema kwa furaha.

Haikuwa imefunguka. Nati ilikuwa imetoka pamoja na ncha ya stadi ndani yake, na kwenye tundu la rimu kilibaki kisiki cha chuma kinachong'aa mahali kilipokatikia. Baadaye mwalimu mwenzangu wa fizikia alinipigia hesabu ile kwenye ubao wa chumba cha walimu, si bila kejeli. Nati za gari kama langu hukazwa kwa nyutonimita 103, ambazo ni sawa na mtu kusukuma kwa nguvu ya kilo 35 hivi kwenye spana yenye mkono wa sentimita 30. Mimi nina kilo 75, na nilisimama mwisho wa bomba la mita moja: nyutonimita zaidi ya 700, karibu mara saba ya kipimo. Stadi yenye unene wa milimita 12 haikutengenezwa kwa ajili ya mzigo huo, na kama isingekatika yenyewe, kitu kingine kingekatika badala yake.

Tukavisha gurudumu la akiba kwa nati nne, tukaenda polepole hadi Bugiri. Njiani niliwauliza watu wawili waliokuwa kando ya barabara kama ni hatari, na wote wawili walinijibu kwa utulivu kwamba zimebaki nne, zinatosha. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi tangu wakati huo na silipendi. Ni kweli gurudumu la stadi tano halitachomoka mara moja kwa kukosa moja, lakini mzigo wa ile iliyokosekana huwaangukia jirani zake wawili, ambao mara nyingi ndio hao hao waliokazwa kupita kiasi siku moja na mkono mmoja. Kila mzunguko wa gurudumu huzipinda kidogo na kuzinyoosha, na chuma kinachopindwa na kunyooshwa mara laki kadhaa huchoka kama waya unaochezewa na mtoto.

Bugiri tulimpata kijana mwenye gereji ndogo na mashine ya kuchomelea. Alikichunguza kisiki kwa tochi, akasema kwa uhakika wa kupendeza kwamba atachomelea nati juu yake, aibane kwa spana na kuifungua bolti yote itoke. Nilimwamini, kwa kuwa maelezo yake yalikuwa na mantiki: bolti hufunguliwa. Alichomelea, akazungusha, nati ikabanduka. Akachomelea tena kwa moto mkubwa zaidi, safari hii akizungusha kwa nguvu mpaka gari likatikisika kwenye jeki, nayo ikabanduka tena na kuacha donge la chuma kilichoyeyuka juu ya kisiki. Akageukia keekee. Ncha ya kwanza ilifanya kazi dakika tano ikachimba kitone tu, kwa sababu chuma cha stadi ni kigumu kuliko chuma cha kawaida. Ya pili ikavunjika. Saa tatu usiku alinawa mikono, akakataa malipo isipokuwa ya ncha zake mbili, akaniambia kwamba habu nzima itabidi inunuliwe. Simlaumu sana. Alikuwa na bidii, na kosa lake lilikuwa moja tu, ambalo hata mimi nililishiriki: hakuna kati yetu aliyeinama kutazama upande wa nyuma.

Tulilala Bugiri, na asubuhi tukasogea hadi Naluwerere, mahali ambapo malori hupumzika na madereva wa Mombasa, Kampala na Kigali hula bega kwa bega. Miezi michache kabla ya hapo, Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilikuwa limeidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Uganda, na sisi walimu wa somo hilo tulisherehekea. Naluwerere hawakuhitaji kusubiri idhini, maana bei ya tairi hapo haijadiliwi kwa lugha nyingine. Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya rimu ya lori, akinywa chai. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia na kuniuliza kama mimi ni mwalimu, kwa kuwa, alisema, ni walimu tu wanaomwamkia hivyo katika mji ule.

Alilitazama lile donge la chuma kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniita nilale chini kando yake.

"Njoo uone mwenyewe, mwalimu. Washa tochi ya simu. Unaona nini huko nyuma?"

Niliona kichwa cha mviringo, bapa, kilichokaa nyuma ya bamba la habu kama kichwa cha msumari.

"Hicho ndicho kichwa chake. Sasa niambie, kitu chenye kichwa upande huo kitafungukaje kuja upande huu?"

Maelezo yote ya jambo hili yako katika swali lile. Stadi ya gari la aina yangu haina hesi ndani ya habu. Hesi zake, yale meno yanayozunguka, ziko upande wa mbele tu, pale nati inapopita. Upande wa nyuma ina kichwa, na kati ya kichwa na hesi kuna shingo fupi iliyochongwa mifereji midogo midogo ya kulala, ambayo ni minene kidogo kuliko tundu la habu. Kiwandani stadi huingizwa kutoka nyuma na kusukumwa kwa nguvu mpaka ile mifereji ijichimbie katika chuma cha habu. Hiyo ndiyo inayoizuia isizunguke nati inapokazwa. Kwa hiyo kijana wa Bugiri alipokuwa akizungusha kisiki, alikuwa anashindana na kitu kilichotengenezwa makusudi kisizunguke. Ilipaswa kurudishwa nyuma ilikotoka, na kuizungusha kusingesaidia kitu.

Kazi ndefu kuliko zote asubuhi ile ilikuwa kuondoa kazi ya jana. Tundu la habu lina upana unaozidi kidogo milimita 14, na donge la kuchomelea lilikuwa pana kuliko hapo, kwa hiyo kisiki kisingeweza kupita mpaka donge likatwe kwa grainda na kusawazishwa kwa tupa. Mzee alifanya hivyo taratibu, akifunika diski na mpira wa breki kwa gunia lililoloweshwa maji. Alipomaliza aliniuliza waya wa kurudishia umeme wa mashine ulibanwa wapi. Nikamwambia ulibanwa kwenye bodi ya gari. Akatikisa kichwa: umeme ulilazimika kupita kwenye beringi ili kurudi kwenye bodi, na cheche ndogo ndani ya beringi huacha vidonda ambavyo havionekani. Siwezi kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu, lakini beringi ya gurudumu lile ilianza kuvuma kabla ya Pasaka na nikaibadilisha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa haraka iliyonishangaza. Gari lilikuwa limeinuliwa na kuwekwa juu ya kigingi cha chuma, maana mzee hakuruhusu mtu aweke hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Alifungua bolti mbili za nyuma zinazoshika kalipa ya breki, yaani kile kibanio kinachoibana diski, kwa spana namba 17, akaishusha kalipa na kuitundika kwa waya kwenye springi, akinieleza kwamba ikiachwa ininginie kwa mpira wake, mpira huchanika ndani bila kuonekana nje na siku moja breki hukosekana. Mpwa wangu, ambaye alikuwa ameingia ndani ya gari kukwepa jua, alinyoosha miguu. Mzee akapaza sauti kwa mara ya kwanza: "Usiguse breki!" Kalipa ikiwa haina diski katikati, pedali ikikanyagwa pistoni husukumwa nje, na kazi ya nusu saa hugeuka kuwa kazi ya kutwa. Mpwa wangu aliteremka na kukaa mbali kabisa, chini ya mwembe.

Diski ilikuwa imeshikana na habu kwa kutu. Nilitarajia nyundo. Badala yake alitafuta bolti mbili za milimita 8 katika kopo lake, akazitia katika matundu mawili madogo yenye hesi yaliyo kwenye uso wa diski, ambayo kwa muda wote niliomiliki gari lile nilidhani ni mapambo au makosa ya kiwanda. Alizikaza kwa zamu, nusu mzunguko hapa na nusu mzunguko pale, na diski ikajisukuma yenyewe ikatoka. Nimewaonyesha watu wengi matundu hayo tangu siku ile, na furaha yangu kila mara ni ile ile.

Halafu alizungusha habu kwa mkono mpaka kisiki kikaelekea mahali ambapo nyuma yake hakuna kizuizi, pale kalipa ilipokuwa imekaa. Jambo hili ni la msingi, kwani sehemu kubwa ya mzunguko nyuma ya habu imezibwa na bati la kukinga vumbi na chuma cha usukani, na stadi inahitaji nafasi ya kutoka kwa urefu wake wote. Yapo magari yasiyo na nafasi hiyo popote, na kwa hayo habu yenyewe hutolewa ikapelekwa kwenye presi. Langu lilikuwa nayo, kwa kubana. Mzee alileta pula yenye umbo la herufi C, ambayo kazi yake hasa ni kutoa boljointi, yaani viungo vya gololi vya usukani, akaweka soketi kubwa nyuma ya bamba ili kichwa cha stadi kipate shimo la kuingilia, akaelekeza skrubu ya mbele juu ya kisiki, akakaza. Nikamuuliza kwa nini asipige kwa nyundo kama nilivyowaona wengine wakifanya. Akasema nyundo hutoa stadi, na mwenyewe ameitumia miaka mingi kwenye malori, lakini kila pigo hupokelewa na gololi za beringi, na beringi ya gari dogo haina uvumilivu wa ile ya lori. Asiyekuwa na pula atumie nyundo nzito na mapigo machache, kuliko nyundo nyepesi na mapigo mia. Tukiwa katika mazungumzo hayo kisiki kilitoa mlio mmoja mkali, kikasogea, na baada ya mizunguko kadhaa kikadondoka chini kama jino la mtoto.

Mpwa wangu alikuwa ametumwa kwa bodaboda kununua stadi katika duka la spea. Alirudi na mbili zilizofanana kabisa na zetu kwa macho. Mzee alichukua nati iliyo nzima akaipitisha kwenye hesi, ikapita vizuri. Kisha akaitia stadi katika tundu la habu kutoka nyuma, nayo ikaingia mpaka mwisho kwa kusukumwa na kidole gumba. Nilifurahi, nikidhani tumerahisishiwa kazi. Yeye aliichomoa akamrudishia mpwa wangu. Shingo yenye mifereji ilikuwa nyembamba kwa tofauti ambayo jicho halikuweza kuiona, na stadi inayoingia kwa kidole itazunguka siku nati itakapogoma, nawe hutakuwa na njia ya kuishika. Safari ya pili mpwa wangu alikwenda na kisiki chenyewe mfukoni, akakipima shingo kwa shingo na kichwa kwa kichwa dukani, akarudi na zilizo sahihi pamoja na nati zake. Kwa nini mbili? Kwa sababu ya kitu ambacho mzee alikuwa amekigundua kabla ya kumtuma.

Alikuwa amezichukua zile nati nne na kuzipitisha moja moja, kwa vidole tu, kwenye stadi isiyo na kasoro. Tatu zilizunguka mpaka mwisho kama zinateleza. Ya nne, ile iliyolia jioni ya jana, iliingia mizunguko miwili ikasimama. Akaipitisha tena, ikasimama pale pale. Ndipo aliponionyesha meno yake kwenye mwanga: yalikuwa yamebanana kuliko ya wenzake. Toyota hutumia stadi za milimita 12 ambazo umbali kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5, sawa na Honda na Mitsubishi; Subaru, Nissan na Suzuki hutumia unene huo huo wa milimita 12, lakini umbali wa meno ni 1.25. Kwa macho nati hizo ni ndugu, na spana ya namba 21 inaweza kutosha kwenye vichwa vya zote mbili. Kwa mkono haiwezekani kuikaza ya moja kwenye ya nyingine zaidi ya mizunguko miwili, kwa kuwa vidole huhisi ubishi na huacha. Mashine ya upepo haina vidole. Inaisukuma nati mpaka mwisho, ikikata meno mapya juu ya meno ya zamani, na kuifunga kwa joto na kwa vumbi la chuma, kiasi kwamba siku ya kuifungua hakuna tena kitu cha kufungua.

Nikakumbuka. Wiki tatu kabla ya safari nilizibiwa pancha mahali fulani ambapo kando ya gari langu liliinuliwa Subaru moja ya kijivu, na nati za magari yote mawili zilikuwa katika karai moja. Vijana walikuwa wepesi na wachangamfu, na mimi nilikuwa ninasoma gazeti. Nati mbili za yule jirani zilikuja kwangu, na bila shaka mbili zangu zilikwenda kwake, ambako huenda ziliharibu meno ya stadi zake kwa namna ile ile. Mara kwa mara huwaza kuhusu mwenye Subaru ile. Kwa hiyo bomba langu la mita moja lilimaliza kazi tu. Stadi ilikuwa imeharibiwa wiki tatu kabla, nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo.

Stadi ya pili, iliyokuwa na nati iliyolia, meno yake yalikuwa yamechanika upande mmoja, na mzee aliitoa kwa pula bila kunishauri.

Kuingiza mpya kulinifundisha subira. Stadi haipigwi kwa nyundo kuingia, alisema, kwani ikienda mshazari mifereji yake huchimba tundu jipya na haitanyooka tena. Aliitia kutoka nyuma mpaka ilipogoma, akahakikisha imesimama wima, akavisha washa tano nene kutoka mbele, akapaka grisi kati ya washa na washa, kisha akafunga nati kuukuu kutoka katika kopo lake kwa kuigeuza nyuma mbele, ule upande wake bapa ukiwa ndani, kwa sababu upande wenye umbo la koni ungejikita katika washa na kuzikwaruza. Halafu akaanza kukaza kwa spana ya mkono. Nati inavyokazwa huivuta stadi kuja mbele, polepole, nayo mifereji ikijichimbia njia. Alinipa spana ya stadi ya pili nikaihisi mwenyewe: uzito ule ule, ule ule, ule ule, kisha ghafla ukuta. Hapo kichwa kimegusa bamba. Tulitazama nyuma kwa tochi, akapitisha ukingo wa wembe chini ya kichwa pande zote, haukuingia popote. Ile nati ya kuvutia aliitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, akisema imefanya kazi isiyokuwa yake na haistahili kuaminiwa na gurudumu.

Kurudisha diski, kalipa na gurudumu hakuhitaji maelezo mengi, ila mambo mawili. Kwanza, alisugua uso wa habu na mgongo wa rimu kwa brashi ya waya, kwa kuwa ganda la kutu lililonaswa katikati hubomoka baada ya siku chache na kuziacha nati zikiwa zimelegea ingawa hakuna aliyezigusa. Pili, nilipochovya kidole kwenye grisi ili nipake stadi mpya, alinizuia. Nilikuwa na hoja kwamba grisi ingezuia kutu na kurahisisha kufungua. Hoja yake ilikuwa nzito zaidi: kipimo cha kiwanda kimewekwa kwa hesi safi na kavu, na hesi iliyopakwa mafuta huteleza, hivyo kwa nguvu ile ile ya spana stadi huvutwa zaidi ya ilivyokusudiwa. Nati zote tano zilianzwa kwa vidole, zikakazwa kidogo kwa kuruka, kila mara ukienda ile inayotazamana nayo, kisha gari likashushwa na kukazwa kwa mwisho kwa spana ya kawaida na mkono mmoja. Kabla sijawasha gari alinikumbusha nikanyage breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Tulipofika Tororo, kilomita kama 70 mbele, nilikaza tena kama alivyoniagiza, na nati mbili za stadi mpya zilikubali karibu robo ya mzunguko.

Nilirudi nyumbani nikiwa bingwa, na ubingwa ule ulidumu mpaka Agosti iliyofuata. Mwenzangu mmoja aliikata stadi ya nyuma ya Corolla yake, nikaibadilisha mwenyewe uani kwake; huko nyuma kulikuwa na dramu badala ya diski, na nilichopaswa kuongeza ni kuondoa kiatu kimoja cha breki ili stadi ipate njia. Kazi ilikwenda vizuri mno. Mwezi huo huo jamaa mwingine aliniita kwa Volkswagen yake. Kisiki kilikuwa ndani ya habu, sawasawa na uso wake. Nilifika na nyundo ya kilo mbili, kwa kuwa pula sikuwa nayo, nikaeleza kwa sauti ya darasani kwamba stadi haifunguliwi, husukumwa. Nilikuwa nimeinua mkono nilipokumbuka lile swali la Naluwerere, nikalala chini na tochi kwanza. Nyuma hapakuwa na kichwa chochote. Palikuwa na tundu tupu lenye hesi, na mwisho wa bolti ukichungulia ndani yake.

Magari ya Volkswagen, kama yalivyo ya BMW na Mercedes, kwa kawaida hayana stadi. Gurudumu hushikwa na bolti zinazofungwa moja kwa moja kwenye hesi za habu, kwa hiyo hapo kijana wa Bugiri ndiye angekuwa sahihi na mimi ningeponda hesi za habu ya watu. Nyundo niliirudisha kwenye gari kimya kimya. Bahati ni kwamba bolti ikikatika kichwa, mvutano wote uliokuwa unaibana huisha, na kipande kilichobaki mara nyingi huwa kimelegea kuliko inavyodhaniwa. Tulitia mafuta ya kulainisha, tukasubiri, nikachonga mfereji mwembamba juu yake kwa tindo, nacho kikatoka kwa bisibisi. Jamaa yule alinisifu kwa utaalamu wangu na sikumsimulia habari za nyundo.

Nilipopita Naluwerere tena nilimsimulia mzee, naye alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akanieleza kwamba hata kwenye malori mambo hayako hivyo hivyo siku zote: malori mengi ya Kijapani ya zamani yana hesi za kushoto kwenye magurudumu ya kushoto, ambazo hufunguka kwa kuelekea upande ambao sisi hukazia, na ameona tanboi (utingo) wawili wakining'inia kwenye bomba saa nzima, wakiikaza nati waliyodhani wanaifungua, mpaka ikakatika. Herufi L huwa imegongwa kwenye ncha ya stadi, lakini matope ya Malaba huifunika.

Siku hizi ninapokwenda kuziba pancha huchukua nati zangu mwenyewe zinapofunguliwa na kuzitia katika kofia yangu, na huomba kuzianza kwa vidole kabla mashine ya upepo haijawashwa. Kijana wa juzi aliniangalia nikiwa nimeikumbatia kofia ile, akaniuliza kama ninaogopa kwamba ataziiba. Nikamwambia hapana, ila nina tano, na ningependa kurudi nyumbani na hizi hizi tano.